Bahari Ipo Mlangoni, Mwogeleaji Yupo Kwenye Simu

Hoja ni hii. Mwogeleaji wa Hungaria anaposti picha akiwa kando ya bwawa, na kabla ya adhuhuri picha hiyo imeshafika Mbagala, Tandale na Kawe, imeachiwa makopa na maneno matamu na vijana ambao hawajawahi kuiona Budapest. Mwogeleaji wa Tanzania, aliyevaa bendera yetu kwenye Michezo ya Olimpiki, anaweza kupanda daladala ya Mbagala akasimama hadi mwisho wa safari na asitokee abiria wa kumgeukia. Kwa nini?

Nimewaketisha wasemaji wanne walijibu swali hilo. Nimewatunga, ila hoja zao nimezitoa kwenye mabishano ya mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni, na nimewaacha bila majina kwa sababu kila mmoja anasemea wengi. Yupo fundi simu wa Mbagala Rangi Tatu, mwalimu wa shule ya msingi huko huko Temeke, dada wa Mwananyamala anayecheza netiboli, na mzee mvuvi wa Kunduchi. Pale nitakapokuwa na la kwangu nitaingia, maana jambo hili linaniuma na sioni sababu ya kujifanya refa.

FUNDI SIMU: Nianze mimi, kwa kuwa simu za watu zinapita mikononi mwangu na najua vijana bando lao linaishia wapi. Umaarufu ni kazi, jamani. Mtazameni Mhungaria Katinka Hosszú. Olimpiki ya London mwaka 2012 alirudi nyumbani bila medali, wa nne kwenye mita 400 mchanganyiko. Mwingine angejifungia ndani. Yeye alibadilisha kocha, akaogelea mashindano mengi mfululizo mpaka waandishi wakambandika jina la Mwanamke wa Chuma, naye akalichukua jina hilo akaligeuza nembo ya biashara. Rio mwaka 2016 akabeba dhahabu tatu na fedha moja. Zile mita 400 zilizomwangusha London akazimaliza kwa dakika 4 na sekunde 26.36, rekodi ya dunia wakati huo. Watu walishamzoea, kwa hiyo dhahabu zilimkuta ana jina tayari. Sasa niambieni, waogeleaji wetu wanaposti nini? Kimya. Nani atakupenda hujajitokeza?

MWALIMU: Umeanza na dhahabu, mdogo wangu. Mimi naomba tuanze na maji. Hungaria haina bahari. Funua ramani uone, imezungukwa na nchi kavu pande zote. Lakini imekuwa na waogeleaji tangu Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens mwaka 1896. Mwaka ule hawakuogelea kwenye bwawa, waliogelea baharini, kwenye ghuba ya Zea, mwezi wa nne, maji ya baridi kali. Alfréd Hajós, kijana wa miaka 18 kutoka Budapest, alishinda mita 100 na mita 1,200, na inasimuliwa kwamba alijipaka mafuta mazito mwili mzima asije akaganda. Sasa sikilizeni. Kijana huyo baba yake alikufa maji katika mto Danube, yeye akiwa na miaka 13. Akajifunza kuogelea. Baadaye akasomea usanifu wa majengo, na bwawa kubwa la kuogelea lililofunguliwa mwaka 1930 kwenye kisiwa cha Margit, katikati ya Budapest, ramani yake aliichora yeye mwenyewe. Bwawa hilo lipo hadi leo, lina jina lake.

Kwa hiyo mwaka 2022 Mhungaria Kristóf Milák alipoogelea mita 200 kipepeo kwa dakika 1 na sekunde 50.34, rekodi ya dunia, tena hapo hapo Budapest, jukwaani walikuwepo watu wanaojua mabega yanavyowaka mita zile za mwisho. Wanamfuata mtandaoni kwa sababu wanakielewa anachokifanya. Ukiniambia posti nyingi ndizo zilizowaleta, nitakukatalia.

FUNDI SIMU: Na Samatta je, mwalimu? Mbagala alitokea kwenye uwanja gani wa maana? Vumbi tupu. Mbona dunia ilimjua?

Hapa naingia, kwa kuwa jina hilo ndilo kiini cha mjadala wote, na fundi amelitaja akidhani linamsaidia.

Mbwana Samatta alikulia Mbagala. Alipita African Lyon, akapita Simba, akaenda Lubumbashi kwa TP Mazembe, na mwaka 2015 akatwaa nao Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2016, pale Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huo huo akaelekea Genk ya Ubelgiji. Tarehe 5 Novemba 2019 alifunga kwa kichwa Anfield, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Wanaokumbuka wiki ile wanakumbuka kilichotokea mitandaoni. Kurasa za klabu ile kongwe ya Birmingham ziligeuka baraza la Kiswahili. Mtu aliyeingia kutafuta matokeo alikutana na salamu kutoka Temeke, dua kutoka Tanga, utani wa Simba na Yanga, na maelekezo ya kiufundi kwa kocha kutoka kwa watu waliojiunga na bando la siku kwa ajili hiyo tu. Nilifurahi sana siku zile na furaha hiyo sijaijutia. Tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Villa wakiwa nyuma kwa mabao mawili dhidi ya Manchester City, krosi ikaingia na Samatta akajirusha akaizika kwa kichwa. Villa walifungwa 2-1. Lakini bao lile lilipigiwa kelele Mbagala kuliko lilivyopigiwa sehemu kubwa ya Uingereza.

Nani alihitaji kuelezwa ugumu wa bao lile? Hakuna. Kila aliyekulia Charambe au Kijichi amewahi kujirusha hivyo akaumiza kifua kwenye changarawe. Walimpenda Samatta kwa miili yao wenyewe kabla hawajampenda kwa simu. Vumbi unalolidharau, fundi, ndilo bwawa la Mbagala. Mpira una viwanja vyake vya bure mitaani, vibaya lakini vipo, na maelfu ya watoto wamepita humo. Kuogelea hakuna hata vumbi lake.

FUNDI SIMU: Basi nipe Moussambani. Huyo hakuwa na bwawa wala mashabiki wanaojua kuogelea, na aliijaza dunia nzima.

MWALIMU: Eric Moussambani wa Ginekweta, Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Namkumbuka vizuri, tulimtazama kwenye televisheni ya jirani. Wenzake wawili waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akabaki peke yake kwenye bwawa la mita 50, yeye aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli. Mita 100 alizimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Michezo ile ile, Mholanzi Pieter van den Hoogenband alikwenda mita hizo kwa sekunde 47.84. Ndiyo, Moussambani alijaza dunia. Lakini walimpendea nini? Walipenda kumwona mtu anakaribia kuzama na hazami. Mimi sitaki mtoto wangu apendwe kwa hilo. Ninachomheshimia ni kwamba aliendelea kujifunza, muda wake ukapungua mno, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Sehemu hiyo ndiyo yenye maana, na ndiyo ambayo haikusambaa.

DADA WA NETIBOLI: Mnazungumza umaarufu kana kwamba ni kitu kimoja kwa mwanamume na mwanamke. Kaka fundi, wewe mwenyewe umesema unajua vijana wanaangalia nini. Wanapofungua ukurasa wa Zsuzsanna Jakabos, Mhungaria aliyekwenda Olimpiki tano, kuanzia Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 15 hadi Tokyo, je, wanaangalia muda wake wa mita 200 kipepeo? Soma kamenti. Zinazungumzia mguu, nywele na macho. Mwanamke ameamka alfajiri miaka na miaka kwenda kuinamisha kichwa ndani ya maji yenye klorini, na kinachobaki kwa watu ni umbo lake.

FUNDI SIMU: Lakini dada yangu, picha anaziweka mwenyewe.

DADA WA NETIBOLI: Anaziweka, ni mwili wake na ni haki yake, na mdhamini analipa. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayedai kwamba hiyo ndiyo njia ya binti wa Mwananyamala. Sisi tukicheza netiboli tu mama anauliza kisketi kirefu kiasi gani. Ukimwambia kwamba bintiye ataogelea, na kwamba ili afanikiwe lazima apige picha za vazi la kuogelea azitume duniani, umemfungia binti mlango kabla hajalowa. Na zipo njia nyingine. Muyuni, Zanzibar, mwaka 2016 wanafunzi wasichana wa Shule ya Msingi Kijini walipigwa picha na Anna Boyiazis wakijifunza kuelea na kuokoana baharini, wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, wengine wameshika madumu ya plastiki wasizame. Picha hizo zilipata tuzo ya pili katika kundi lake kwenye World Press Photo mwaka 2018. Zilisambaa dunia nzima, na wasichana hawakuacha stara yao wala heshima ya wazazi wao.

Halafu kuna la nywele. Mnacheka, lakini ni jambo zito. Kofia za kuogelea zilitengenezwa kwa nywele zisizo zetu. Waingereza walitengeneza kofia pana ya watu wenye nywele nyingi, rasta na misuko, na mwaka 2021 shirikisho la dunia la kuogelea likaikataa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, eti haifuati umbo asilia la kichwa. Kelele za mtandaoni zikawa kubwa, na mwaka 2022 ikaruhusiwa. Hapo naikubali mitandao kwa moyo wote, kwa sababu kelele ile ilifungua mlango uliokuwa umefungwa.

MWALIMU: Hiyo nimeipenda. Kelele iliyodai kitu.

MZEE WA KUNDUCHI: Nimekaa kimya nawasikiliza wanangu. Mnasema watoto wa Dar hawajui kuogelea. Watoto gani? Njooni Kunduchi pwani saa za maji kujaa muone watoto wanavyoruka kutoka kwenye ngalawa. Njooni Kawe, njooni Feri. Mimi nimeogelea kabla sijaanza kuhesabu miaka, na hakuna aliyenipa cheti. Kuogelea kupo. Hakupo kwenye orodha yenu tu, kwa sababu mnahesabu cha bwawani.

MWALIMU: Shikamoo mzee. Ni kweli na umetusahihisha. Lakini mtoto wa Chamazi au wa Tandale hana ngalawa ya kurukia. Anaijua bahari sikukuu ya Idi na Krismasi, akienda Coco Beach na wenzake, na mvua za masika zikija anakutana na maji mengine kabisa, ya Msimbazi yakipanda Jangwani au ya Mto Mzinga.

MZEE WA KUNDUCHI: Hapo nakubali. Na nikuongezee. Hata sisi tunaojua, tunazama. Kujua kuruka ngalawani si kujua kumtoa mwenzako anayezama, maana anayezama anakukamata shingo mkazama wote. Mwaka 2022, Novemba 6, ndege ya Precision ilipoangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Watu 19 walifariki, 24 wakatoka. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akawa jina la kila simu nchini. Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kwa kijana yule. Lakini nilingoja mjadala wa pili, wa kuwafundisha wavuvi uokoaji ufukwe kwa ufukwe, na huku kwetu haukufika. Watu walishahamia habari nyingine.

Maneno ya mzee yanagusa takwimu ninazozishika kila mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu nusu yao wakiwa na umri chini ya miaka 29, na robo wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama. Hajós alijifunza kuogelea katika familia iliyofiwa na baba mtoni. Ndani ya familia kama hizo, na Tanzania tunazo, waliompoteza mtu katika ajali za MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018, kuna sababu ya kujifunza kuogelea inayozidi medali yoyote.

FUNDI SIMU: Sawa, nimewaelewa, ila msinigeuze adui wa maji. Swali langu mmelipita. Paris mwaka 2024 tulikuwa na Collins Saliboko na Sophia Latiff kwenye kuogelea. Wawili hao wanalo bwawa walilojifunzia, vinginevyo wasingefika. Kwa nini hatukuwafuata? Tokyo hatukupeleka mwogeleaji hata mmoja, timu yote ilikuwa wakimbiaji watatu wa marathoni. Kwa hiyo Paris ilikuwa habari! Mtu angetupa video fupi, dakika moja, ya Kiswahili, inayosema: huyu ni wetu, leo anaogelea mita 100, huyu mita 50, saa fulani, mtandao fulani. Tungekesha.

Fundi ana haki hapa, na nadhani amewashinda wenzake kwa hoja hii moja. Waliokwenda Paris, kama Magdalena Moshi na Hilal Hilal waliokwenda Rio kabla yao, waliingia kwa nafasi zinazotolewa kwa nchi ambazo waogeleaji wake hawajafikia viwango vya kufuzu. Wengine husema nafasi hizo si za kujivunia. Mimi naona tofauti. Mchezo wenyewe unaishi kwenye mabwawa ya shule binafsi, hoteli na vilabu, mengi yakiwa upande wa Masaki na Oysterbay, na mtu anayepita humo hadi kusimama juu ya kibao cha kurukia kwenye Olimpiki anastahili kutazamwa na nchi yake. Kumtangaza hakuhitaji bwawa jipya wala bajeti. Kunahitaji mtu wa chama cha kuogelea au wa televisheni mwenye kujali, simu, na ratiba ya mashindano.

DADA WA NETIBOLI: Na tukishakesha, kesho yake?

FUNDI SIMU: Kesho yake tunadai. Si mmesema wenyewe kelele ya kofia ilidai kitu? Walioujaza ukurasa wa Villa ni watu hawa hawa. Samatta na mwanamuziki Alikiba walipocheza mechi yao ya hisani pale Uwanja wa Taifa mwaka 2018, timu ya huyu na timu ya yule, watu walilipa kiingilio kwa kuwa waliwapenda, na fedha ikaelekezwa kwenye elimu. Mapenzi ya mtandaoni yana mikono, mwalimu. Hayajaelekezwa tu.

MWALIMU: Yaelekezwe wapi? Mimi sihitaji bwawa la mita 50 leo. Halmashauri ya Temeke ikiniambia italijenga nitasubiri hadi nistaafu. Nataka kitu kidogo zaidi. Darasa la nne wote, mara chache kwa muhula, wafike kwenye maji wafundishwe kuelea kwa mgongo, kupumua bila kuhaha, kumrushia mwenzao dumu badala ya kumrukia. Bahari ni bure. Anayekosekana ni mwalimu wa kuogelea na nauli.

DADA WA NETIBOLI: Na mwalimu wa kike kwa wasichana, na saa zao wenyewe. Bila hivyo mtawapata wavulana peke yao, halafu mtasema wasichana hawapendi.

MZEE WA KUNDUCHI: Mwalimu, ukiwaleta usiwalete siku za bamvua. Bahari inakwenda mbali mno na inarudi kwa nguvu, mtoto mgeni atachukuliwa. Njoo siku za maji mafu, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Vijana wangu watatu watasimama ndani ya maji, mmoja kila upande na mmoja kwenye ngalawa. Watoto kumi kwa mara moja, wasizidi.

MWALIMU: Nina watoto zaidi ya mia kwenye darasa la nne, mzee.

MZEE WA KUNDUCHI: Basi utakuja mara nyingi.

FUNDI SIMU: Mimi nitachangisha nauli. Na nitapiga picha.

DADA WA NETIBOLI: Picha za wasichana utaomba ruhusa kwa wazazi wao kwanza, kaka, kwa maandishi.